Mgeni Aliyesema Bado

Mume wangu Buddhiman hajawahi kufundisha kitu kikaleta heri. Alimfundisha jogoo wetu kulala ndani, na mpaka leo jogoo huyo anawika chini ya vitanda vya wageni. Kwa hiyo siku ile aliposhuka darajani kutafuta chumvi akarudi na Mzungu nyuma yake, halafu akaniambia kwa majivuno, "Mama Suntali, huyu nimemfundisha lugha yetu njia nzima," moyo ulinilipuka paa.

Mzungu mwenyewe alikuwa kijana mrefu, mwembamba, kiatu kimoja amekifunga kwa waya. Alisema jina lake ni Vojta. Mimi nilisikia Bhoj, na bhoj kwetu ni karamu. Nikacheka sana. Laiti ningejua!

Wapanda milima wenye nafasi huja na wapishi wao, na mahema yao, na viti vyao vya kukunja. Sisi wa mabondeni huku tunawapata wa mkono mfupi, wale wanaobishana nawe juu ya maji ya moto, kisha wanachemsha tambi zao kwa siri chumbani. Siwalaumu, hata mimi ningefanya hivyo. Kitanda tunawapa karibu na bure, mradi wale chakula chetu. Na wajanja wote huagiza wali na dengu, kwa sababu sahani hiyo kwetu haina mwisho. Unalipa mara moja, unaongezewa na kuongezewa mpaka mwenyewe useme "pugyo" na kuweka mkono juu ya sahani. Mwenye nyumba haruhusiwi kuacha kabla ya hapo. Mama mkwe wangu alilala na sheria hiyo, akaamka nayo, akafa nayo.

Sasa neno hili pugyo lina sura mbili. Mezani maana yake ni "imetosha". Njiani maana yake ni "tumefika". Buddhiman, kwa akili zake, alifundisha sura moja tu, ile ya njiani. Kila kona kijana aliuliza, "Pugyo?" na mume wangu akamjibu, "Bado, bado mbali." Hilo mimi sikuambiwa. Ningeambiwa, ningeokoa mchele wangu na miaka miwili ya umri wangu.

Maana mchele ndio ulikuwa roho yangu wiki ile. Mashamba yetu yanatoa viazi, mahindi na ulezi. Mchele unapanda kwa migongo ya nyumbu. Na mvua za mwisho zilikuwa zimeporomosha mlima chini ya kijiji mara tu baada ya Buddhiman na mgeni wake kupita, njia imekatika, nyumbu wamekwama ng'ambo. Nilibakiwa na debe moja, na majirani hawakuwa na punje ya kukopesha. Debe hilo lilikuwa la Suntali.

Suntali ni binti yangu wa pekee. Ana miaka ishirini na tisa na amekataa wachumba watatu, mmoja wao kwa sababu alikuwa anacheka peke yake. Safari hii alipenda mwenyewe. Lopsang ni mwalimu wa shule ya ng'ambo ya bonde, mpole, na akimtazama binti yangu husahau alichokuwa anasema. Jumamosi watu wake wangekuja kuposa, na chupa ya pombe kama desturi, wakiongozwa na shangazi yake, Sanchamaya. Kwetu chupa hutolewa baada ya kula. Wakiridhika wanakuachia, mnakunywa, binti amepata kwake. Wasiporidhika, chupa inarudi kwenye kikapu na wewe unabaki kuosha vyombo.

Shangazi huyo alikwisha kuirudisha chupa mara mbili kwa wapwa wengine. Nyumba moja aliiacha kwa sababu alisikia sufuria ikikwanguliwa. "Wanaokwangua ukoko mbele ya wageni," alitangaza sokoni, "watamkwangua na mwanetu." Na kila mtu alijua anamtakia Lopsang msichana mwingine kabisa, wa kule barabarani magari yanakofika. Alikuwa anatafuta sababu tu. Ugali wa ulezi tunaupenda sote, lakini kumpikia mtu ugali siku ya posa ni kumwonyesha mlango.

Basi Jumatano jioni nikampakulia Bhoj wali. Akala, akamaliza, hakubakisha punje. Baadaye sana nilikuja kujua kwamba huko mjini kuna mtu alimwambia kuacha chakula ni kumtukana mwenyeji. Lakini kwetu sahani tupu inaomba. Nikamsogelea na mwiko.

"Pugyo?" nikamwuliza kwa adabu.

Akashangaa kidogo. Akanyoosha kidole dirishani, kule juu kwenye mwanya wa mlima alikokuwa anakwenda. "Bado, mama! Bado mbali sana!"

Nikapakua. Akala. Nikamwuliza tena. "Bado!" Sahani ya tano jasho linamtoka, macho yamemsimama.

"Pugyo, mwanangu?"

"Bado, mama. Kesho!"

Nikarudi jikoni mbio. "Suntali," nikasema, "huyu anakula mpaka kesho!"

Alhamisi mvua ikanyesha mchana kutwa na Bhoj hakuondoka. Asubuhi sahani sita, jioni saba. Nilijaribu kila ujanja. Nilianza kwa kumjaza viazi. Niliweka pilipili kwenye achari mpaka jogoo akapiga chafya. Kijana akalia machozi, akasema "tamu", akamaliza. Nilichukua mwiko mdogo. Debe nalo lilikuwa linashuka kama kisima cha kiangazi.

"Mwambie tu mchele umekwisha," akasema Buddhiman.

"Katika nyumba hii? Mgeni hajasema pugyo? Mama yako atafufuka leo leo aje anichape."

"Basi usimwulize."

"Nisimwulize, nisimwongeze, sahani tupu iko mbele yake? Wewe mzee, umelewa?"

"Mimi naona kijana ana afya."

"Ana afya ya mchele wa binti yako!"

Suntali alikuwa anachambua dengu, na nilimwona akitazama debe, kisha akitazama mikono yake. Hilo liliniuma kuliko mchele.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ijumaa asubuhi nikampa jembe, jembe kweli, la mpini. Nikamwonyesha wanakijiji wanashuka kufukua njia. "Nenda kawasaidie," nikasema, huku najipongeza moyoni: mtu aliyeko bondeni hali wali wangu. Kijana akafurahi sana, akaenda mbio. Wanasema alichimba kama amelipiwa, na nguvu zote zile zilikuwa mchele wa Suntali. Kufika saa nane njia ya miguu ikawa wazi. Nyumbu wakaitazama wakagoma.

Lakini shangazi hakugoma. Saa kumi jioni, nikiwa na masizi mpaka masikioni, nilisikia kelele uani. "Pugyo! Pugyo!" Nikatoka. Bhoj huyo, tope tupu, amembeba Shangazi Sanchamaya mgongoni, anamshusha taratibu. Nyuma yao wazee wawili na Lopsang, uso umemshuka kwa aibu.

"Si Jumamosi, shangazi?" nikauliza, najifuta masizi.

"Tulilala kwa watu hapo ng'ambo ya maporomoko, nikasikia njia imefunguka," akasema, anakung'uta sketi. "Nikasema niwaone mlivyo, si mlivyojipanga. Huyu farasi wenu ni mzuri. Atakaa karibu na mimi wakati wa kula."

Mchele uliobaki ulijaa sufuria moja tu. Niliupika wote. Nikamwambia Suntali yeye apakue na mimi nikae na sufuria, kwa sababu nilikuwa na hofu, sitaficha, hofu ya kweli. Msichana wa miaka ishirini na tisa akirudishiwa chupa, maneno yake hayaishi kijijini.

Wale wazee ni watu wema. Sahani mbili mbili wakasema pugyo. Lopsang alikula moja, akafunika sahani kwa mikono yote miwili, Mungu ambariki. Wakabaki wawili, shangazi na Bhoj.

"Pugyo, shangazi?" Suntali akauliza.

Shangazi akatabasamu, akasukuma sahani mbele kidogo. Nikajua. Alikuwa hali kwa njaa, alikuwa anatafuta ukoko.

"Pugyo, mwanangu?" kwa Bhoj.

"Bado mbali!" Masikini, rangi imeanza kumbadilika.

Ikaja ya tatu, ikaja ya nne. Mwiko ulipogusa chini ya sufuria mara ya kwanza nilikohoa. Mara ya pili nikakohoa na Buddhiman akakohoa. Mara ya tatu tulikohoa mpaka jogoo akatoka chini ya benchi kuangalia kuna msiba gani.

Mwisho kukabaki mwiko mmoja. Suntali akaangalia ndani ya sufuria, akaniangalia mimi. Angeweza kusingizia kitu, akae jikoni, aungue mkono, chochote. Akauchota ule wa mwisho, akaenda nao wima, akasimama mbele ya shangazi.

"Pugyo, shangazi?" Sauti yake haikuyumba.

Shangazi akafungua mdomo.

Sasa jamani, fikirini upande wa Bhoj. Ni yeye aliyembeba bibi huyu mgongoni kwenye matope. Anamwona anaulizwa mara ya tano, "Umefika? Umefika?" na bibi hajibu, anatabasamu tu. Kijana akaona bibi wa watu amechoka hata kauli hana. Akaweka sahani chini, akamgeukia, akaikamata mikono ya bibi yote miwili juu ya sahani ya bibi mwenyewe, akaitangazia nyumba nzima kwa sauti ya mlimani:

"Pugyo! Shangazi pugyo! Pugyo kabisa!"

Mzee mmoja akacheka, dengu zikampanda puani, mwenziwe akawa anampiga mgongoni huku naye anacheka.

"Sikusema mimi!" shangazi akafoka. "Niachie, wewe farasi! Sikusema!"

"Lakini mikono imefunika sahani, shangazi," akasema Lopsang. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu aingie, na masikio yalikuwa mekundu. "Mikono yako. Sote tumeona. Ni desturi."

Shangazi akamtazama mpwa wake muda mrefu, kama mtu anayeona kiti kinasema. Bhoj naye bado ameshika mikono, anachekelea, anaona amefanya jambo jema. Suntali akarudisha mwiko kwenye sufuria pole pole, wali bado uko juu yake.

Shangazi akanawa mikono. Akaja mpaka mekoni akachungulia sufuria bila hata kuomba ruhusa.

"Mwiko mmoja," akasema kwa sauti ya chini.

"Mmoja, shangazi." Ningesema nini?

"Nilisikia mnakohoa. Nyumba nzima ina kifua?"

"Ni mvua hizi."

"Na binti alikuwa ananiletea huo wa mwisho."

"Ndiyo."

"Anajua nitafanya nini nikiumaliza?"

"Anajua."

Akaenda kwenye kikapu chake, na mimi nikafumba macho, kwa sababu sikutaka kuona kikapu kikifungwa. Nikahisi kitu kizito cha baridi kimewekwa mapajani mwangu. Ilikuwa chupa.

"Yule wa barabarani angejifanya anaumwa kichwa," akasema. "Pugyo."

Sikumwuliza alikuwa na maana ipi.

Baada ya kunywa, Lopsang alikaa na Bhoj akamweleza lile neno kwa lugha yao ya shuleni, sura zote mbili. Nilimwona kijana akitega sikio, akinitazama, akitazama tumbo lake. Akauliza kitu. Lopsang akatafsiri kwa shida kwa sababu ya kicheko: "Anauliza, mama, ina maana tangu Jumatano angeweza kuacha?"

"Tangu sahani ya pili!" nikasema.

Kijana akajilaza chali kwenye benchi kama gunia lililopata pa kutua. Kumbe siku tatu alikuwa anaamini tunamwua kwa ukarimu, na yeye kwa adabu yake amekubali kufa. Nikamhurumia mpaka nikacheka, nikacheka mpaka nikamhurumia tena. Buddhiman akaenda kumsugua tumbo kwa mafuta ya haradali.

"Umsugue vizuri," nikamwambia. "Na ole wako umfundishe neno jingine."

Wageni walipokwenda kupumzika, tulibaki jikoni mimi na Suntali. Sisi tulikuwa hatujala. Ule mwiko mmoja wa wali tukauacha pale pale sufuriani, hatukuweza kuugusa. Tukachemsha viazi, tukakaa karibu na moto tukamenya kwa vidole, tukachovya chumvi. Alikuwa anang'aa uso mzima, mwanangu, na mimi nilifurahi, haki ya nani nilifurahi. Lakini nilikuwa nahesabu pia. Ng'ambo ya bonde ni mwendo wa siku moja kwa mwenye magoti mazima, na magoti yangu hayajawa mazima tangu mwaka wa mafuriko.

Akanimenyea kiazi, nikala. Akanimenyea cha pili, nikala. Cha tatu akakishika mkononi, akanitazama.

"Pugyo, mama?"

"Bado," nikamwambia. "Bado mbali sana."

Akacheka, kisha akaacha kucheka. Akajisogeza mpaka bega lake likagusa langu, akachukua kiazi kingine, akaanza kumenya.