Mvua ya Sinia

Mama mkwe wangu ana hadithi moja ambayo kila mgeni wa nyumba hii lazima aimeze pamoja na chai. Anasema alipokuwa msichana alifanya kazi redioni, na kwamba katika mchezo mmoja ulioitwa Nyumba ya Mlango Mmoja, mvua iliyosikika ilikuwa yake. Aliitengeneza mwenyewe kwa mchele mkavu na sinia la bati, na ilinyesha vizuri hata watu mitaani wakatoka mbio kuanua nguo.

"Kuanua!" husema akipiga goti. "Na jua linawaka!"

Mimi ni fundi cherehani, na kisichopimika hunipa taabu. Hadithi ile nimekuwa nikiisikiliza kwa sikio moja, la pili likiwa kwenye mashine. Lakini haikuwa na ubaya wowote, mpaka wifi yangu alipoamua kuigeuza ushahidi.

Wifi ni dada mkubwa wa mume wangu, na amezaliwa kuamua. Mama aliunguza sufuria mara moja, jambo ambalo mimi hulifanya kila nikipata mteja msumbufu, naye wifi akachukua sufuria, akaiunga na mvua, akampatia Mama ugonjwa.

"Mama ameanza kutunga mambo," alituambia. "Jumapili nakuja kumchukua. Kwangu kuna mtu wa kumwangalia kutwa, na jikoni hatagusa kitu."

Mume wangu mbele ya dada yake ni kitambaa cha hariri, popote unapokivuta kinakwenda. Akasema labda ni kweli. Mimi nikasema mwenyewe aulizwe.

"Siendi," Mama akajibu. "Nikakae kama pambo la kabatini? Hapa nina kazi zangu."

Wifi akatabasamu lile tabasamu lake la kumsubiri mtoto amalize kulia.

Siku chache baadaye mwalimu mmoja alileta suruali ipunguzwe kiuno. Mama alikuwa mlangoni, kwa hiyo naye alipewa hadithi. Lakini mwalimu huyu hakucheka. Alisema kuna tovuti imekusanya michezo ya redio ya zamani, na mtu yeyote anaweza kuisikiliza bure. Nikamtazama Mama, Mama akanitazama mimi. Suruali ya watu nikaiweka pembeni.

Nina kompyuta mpakato ndogo ninayoitumia kutafutia mitindo ya mishono. Ni nyepesi mno, siku ya kwanza nilidhani wamenipa boksi tupu. Ukiichunguza, yote ni kivinjari kimoja kilichovishwa kibodi. Ukikitoa hicho, unabaki na sahani. Niliitafuta tovuti nikaipata, na jina la mchezo nikaliona kwa macho yangu: Nyumba ya Mlango Mmoja. Kumbe mchezo upo! Nikabonyeza. Badala ya sauti pakatokea maneno kwamba kivinjari changu ni cha zamani, nikisasishe. Nikaenda kukisasisha, kompyuta ikanijibu kwamba imefikia ukomo wake na haitapokea kitu kipya tena.

"Inasemaje?" Mama akauliza.

"Inasema imezeeka."

"Basi ni mwenzangu. Usiitupe."

Ningeacha hapo, lakini nikianza kufumua mshono silali mpaka niufikie mwisho. Nikasoma huku na huku nikagundua kwamba ndani ya kompyuta kuna chumba cha uani ambacho mafundi hukitumia, na humo unaweza kuweka kivinjari kingine kisichojali umri wa mwenye nyumba. Nikaingia kwenye mipangilio, nikashuka mpaka chini kabisa, nikakuta swichi imejificha huko. Nikaiwasha. Mstari ukaanza kujaa polepole, nasi tukakaa kuutazama kama maziwa jikoni.

"Kwa hiyo unaweka dirisha jingine kwenye nyumba ileile?" Mama akauliza.

"Ndiyo, Mama."

"Na lile la kwanza halitanuna?"

"Likinuna litajua lenyewe."

Likafunguka dirisha jeusi tii, halina picha wala kitufe, kistari tu kinapepesa. Hapo unaandika amri. Niliandika, nikaambiwa kitu hicho hakipo. Nikaandika tena nikibonyeza kwa nguvu zaidi, kana kwamba ni kiziwi. Hakipo. Nikaitukana kidogo. Mama akavaa miwani, akasogeza kichwa.

"Ulimwambia kwanza akaangalie ghalani kuna nini?"

Nikataka kumjibu vibaya, kisha nikasoma maelekezo kwa makini. Na kweli, kuna amri inayotangulia, ya kuiambia mashine isome upya orodha ya vitu vilivyopo. Mimi, ninayewagombeza watu kwa kukata kitambaa kabla ya kukilowesha kikanywea, nilikuwa nimekata kwanza. Nikairudia kazi kwa mpangilio wake. Herufi zikaanza kumiminika juu ya weusi kwa kasi, na ziliponyamaza, picha ndogo ya kivinjari kipya ikawa imekaa chini ya kioo. Kilijivuta kufunguka. Lakini kwenye tovuti ile kilipita bila kuulizwa swali.

"Usibonyeze," Mama akasema, akanishika mkono. "Tungoje Jumapili wasikie wote. Na nakwambia kabisa: mvua ikishanyesha, mwanamume atasema, 'Nifungulieni, nimelowa!' Hapohapo utasikia ting. Ni pete yangu ya uchumba, imegonga sinia. Ilikuwa mpya, sijaizoea kidoleni. Mtayarishaji alinifokea mpaka nikalia."

Siku zilizobaki niliziona ndefu. Nilikuwa nikipita karibu na kompyuta ile naona kidole kinaniwasha. Na nilianza kuogopa, jambo ambalo sikulitegemea. Kama ting haimo, Mama anakwenda.

Jumapili wifi alifika na mkoba mkubwa mtupu. Alikubali kusikiliza, maana haki lazima itendeke hata kwa hadithi. Tukaketi sebuleni, feni inazunguka, kompyuta mezani. Wifi alikuwa na haraka, kwa hiyo mume wangu akaruka maongezi, akasogeza mpaka karibu na kati. Mvua ikaanza.

Afadhali isingeanza. Kile kijispika cha kompyuta kilitoa mkwaruzo mwembamba wa kutia aibu.

"Hiyo mvua, au vitunguu vinakaangwa?" wifi akasema. Mume wangu akacheka, kisha akajizuia. Mwanamume akasema afunguliwe, amelowa, nami nikatega masikio yote mawili. Sikusikia ting wala nini.

Mama alikuwa ameinamisha kichwa.

"Hiyo siyo," akasema. "Hako kadude hakana kifua."

"Mmesikia?" wifi akatugeukia. "Mwenyewe anakana."

Mama akainuka, akachukua sinia lake la bati lililobonyea pembeni pamoja na mchele wa mchana, akatoka uani kuuchambua. Wifi na mume wangu wakaingia chumbani kwa Mama, wakaanza kukunja nguo zake. Mimi nikapewa magauni matatu niyapige pasi.

Nilikuwa na hasira, na nyingi ilikuwa juu yangu. Kwa nini nilihangaika kufungua madirisha ya watu? Mzee wa watu alikuwa na hadithi yake, sasa hana. Nikapiga pasi kola mpaka ikakaribia kuungua. Lakini neno moja lilinikera kama uzi uliobaki shingoni: hakana kifua. Fundi akikwambia mashine yake haina sindano, humwambii hajui kushona. Unamtafutia sindano.

Pale pembeni ilikuwapo spika ya mume wangu, kubwa kama kabati, anayoipenda kuliko baadhi ya ndugu zake. Nikavuta waya wake, nikauchomeka kwenye kompyuta, nikafungua kivinjari kipya na kuanzisha mchezo tangu mwanzo. Safari hii sikuruka kitu. Nikarudi kwenye pasi.

Ulikuwa mchezo mzuri, mtu asikudanganye. Kuna wanawake wawili ndani ya nyumba, wanabishana kama wamfungulie mtu fulani aliyewakosea. Sauti zao zilijaza chumba kizima. Nilimaliza gauni la kwanza, nikaanza la pili, nikawa nauliza kimoyomoyo: huyo mtu alifanya nini? Atakuja kweli? Nikasahau spika, nikasahau wifi.

"Mvua!" wifi akapiga ukelele kutoka chumbani. "Jamani, nguo!"

Na kweli ilikuwa inanyesha. Ilianza na matone mazito machache juu ya bati, kisha ikashuka yote kwa pamoja. Miguu yangu ilitangulia, akili ikafuata baadaye. Nilitupa gauni, nikagongana na wifi mlangoni, tukabanana, tukatoka. Nyuma yetu mume wangu na beseni. Kwenye kamba kulikuwa na shuka zetu na sare za wateja. Tukavamia, kila mtu upande wake, vibanio vikiruka huku na huku. Wifi alikuwa tayari na shuka mbili kifuani na ya tatu ameibana kwa kidevu alipoinua uso kutazama mbingu.

Jua lilikuwa linawaka. Hakukuwa na wingu hata la dawa.

Mama alikuwa kwenye kigoda chake, sinia mapajani, punje moja ya mchele kati ya vidole viwili. Alitutazama mmoja mmoja.

"Vipi, wanangu? Mbona mnaanua?"

Kutoka dirishani mvua ilikuwa bado inapiga, na ndani yake mwanamume akapaza sauti, "Nifungulieni, nimelowa!"

Ting.

Ilikuwa ndogo, safi, haina shaka. Mama akainua mkono wa kushoto, pete ikiwa palepale, imezama kwenye kidole kilichonenepa. Akarudi kwenye mchele wake.

Mume wangu aliweka beseni chini. Wifi alisimama vilevile, shuka kidevuni, macho yamemjaa maji. Mwishowe akaokota kibanio, akaanza kuanika upya, taratibu, akinyoosha kila ncha kama anayemlaza mtoto. Mkoba ulibaki chumbani, mdomo wazi, na jioni aliondoka nao mtupu.

Mimi nilichuchumaa kando ya kigoda. Nilitaka kumwomba Mama radhi, lakini lililonitoka ni jingine kabisa, maana lilikuwa linaniwasha tangu gauni la pili.

"Mama, yule mtu hatimaye wanamfungulia?"

"Mwanangu," akasema, akitupa jiwe dogo pembeni, "kasikilize mwenyewe. Mimi nilikuwa mvua tu."