Mahali pa Karai

Asubuhi hiyo, kabla hata chai haijachemka, Bi Kimya alikuwa amepiga magoti ndani ya gereji ya nyumbani, akidondosha maji sakafuni kwa kijiko. Tone moja, anangoja. Tone la pili, anangoja. Doa la oili lilikuwa limetanda katikati ya saruji, pana kama ungo, na kila tone lililoliangukia lilijikunja likawa duara kama shanga, likakataa kuzama.

"Bado," akajiambia, akachukua brashi.

Bi Kimya halikuwa jina lake. Baba ndiye aliyemwita hivyo tangu utotoni, kwa sababu wageni wakija hujificha jikoni, na mwalimu akimwuliza swali, jibu analijua lakini humfia kooni. Jina lilimkaa kama nguo ya kupimwa, wala hakulichukia. Mtu anayeitwa Kimya haulizwi mambo mengi, na lilikuwapo jambo moja ambalo hakutaka kabisa kuulizwa.

Baba yake alikuwa fundi wa magari. Sakafu ile aliimwaga kwa mikono yake mwenyewe, akaisugua kwa mwiko hadi ukiinama unaona kivuli cha pua yako. "Gari halina siri," alizoea kusema. "Linadondosha ukweli wake chini. Nyeusi ni injini, nyekundu ni giaboksi, kijani ni rejeta. Wewe inama tu usome."

Sasa fikiria mtoto wa mtu kama huyo ananunua gari lake la kwanza, tena kwa mbwembwe, tena bila kumshirikisha mzee, halafu wiki ya pili tu gari linaanza kuvuja. Huyo alikuwa kaka yake Bi Kimya, naye aliona haya kuliko mwizi. Badala ya kusema, alitafuta kipande cha zulia akatandika juu ya oili, na aliyemshikia pembe ya pili alikuwa Bi Kimya.

"Usimwambie mzee," kaka alinong'ona. "Jumamosi nalitengeneza, yanaisha."

Jumamosi haikuwahi. Ijumaa baba aliingia kutafuta spana, zulia likateleza juu ya oili, naye akauangukia mkono wake wa kulia. Ulivunjika karibu na kiganja. Siku hiyohiyo, hogo la plasta likiwa bado bichi mkononi, alimtazama mwanawe akasema, "Gari linalovuja halikanyagi tena sakafu yangu. Na wewe usije bila gari lako, maana mnafanana."

Kaka alishika njia. Mwezi wa nne sasa. Mama akijaribu kuligusia, baba huongeza sauti ya redio.

Bi Kimya hakuwa na ulimi wa kumbishia baba, lakini mikono alikuwa nayo. Kama shida ni sakafu, aliwaza, basi sakafu itapona. Itapona hadi baba akose neno.

Mara ya kwanza alikosea. Alinunua rangi ya sakafu akalipaka doa juujuu, likafichika, akalala na furaha yake. Wiki haikuisha, rangi ikaanza kubambuka vipande vipande, kama ngozi iliyoungua. Baba alichungulia akasema, "Umempaka poda mgonjwa. Ugonjwa uko palepale." Muuza rangi naye alimcheka, ila kicheko cha huruma. "Binti yangu, rangi haishiki juu ya oili, kama usingizi usivyoshika juu ya kesi. Itoe kwanza. Halafu dondosha maji. Yakikaa kama shanga, oili bado imo. Yakinywewa, hapo ndipo uniite fundi mwenzio."

Tangu hapo kila Jumamosi ilikuwa vita. Aliibandua rangi yote kwa kisu butu. Alimwaga vumbi la mbao, akalikanyagakanyaga linyonye, akalizoa. Alimwaga sabuni ya unga na maji ya moto, akasugua hadi mabega yakaimba. Doa lilipauka kidogo kidogo, shingo upande, kama mgeni asiyetaka kuaga.

"Bi Kimya." Asubuhi hiyo, baada ya yeye kusugua tena, baba alikuwa amesimama mlangoni, kikombe mkono wa kushoto. "Hiyo kazi ni ya nani?"

"Yangu."

"Una gari wewe?"

"Sina."

"Basi iache. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Haya si maji, baba. Ni oili. Nimeizoa."

Baba alitaka kucheka, akakificha kicheko ndani ya kikombe. Kisha, kwa taabu, akachuchumaa, akamnyang'anya kijiko. Akadondosha tone katikati ya doa. Tone lilitetemeka, likatanuka, likazama. Palibaki unyevu tu.

"Limenywewa," alisema polepole.

Bi Kimya alilitazama baka lile la unyevu. Jambo alilolificha miezi minne likapanda, na safari hii hakulirudisha.

"Baba, zulia lile... pembe moja nilishika mimi."

Redio ya jikoni ilisikika hadi pale. Baba hakufoka. Alikigeuza kijiko vidoleni mara mbili, tatu.

"Nilijua linavuja," alisema. "Kabla ya zulia. Wiki ile ya pili niliona tone getini, jeusi. Nikasema, ngoja nimwone ana ujasiri gani, aje mwenyewe aniambie. Nikamngoja."

"Kwa hiyo sote tulijua."

"Sote watatu."

"Na wewe ulinyamaza."

Maneno yalishatoka, tena si kwa kunong'ona. Bi Kimya alishtuka nayo. Wakati huohuo alimwona baba akiinamisha kichwa, akafikiri kwamba jina lile walimtwisha peke yake bure. Lingewatosha nyumba nzima.

Baba aliinuka akishikilia ukuta. "Usipake leo," alisema. "Ikauke siku mbili. Ukiharakisha utarudi kwenye poda."

Siku mbili zilipopita, Bi Kimya alipaka rangi mkono wa kwanza, ukakauka. Akapaka wa pili. Ilipofika siku ya saba rangi haikubambuka hata ukiikwangua kwa ukucha. Alikuwa akikata kadibodi ya kukinga oili gari litakaporudi, baba alipoingia na karai lake la zamani, lile alilomwagia oili miaka yote ya kazi, na kipande cha chaki. Hakupima. Alipiga hatua mbili kutoka mlangoni, akachora duara.

"Tairi ya mbele ikifika pale, injini inakuwa hapa. Gari la kaka yako linavuja kwa nyuma ya injini, upande wa kushoto. Ni sili tu ile, raba ya kuzuia oili. Kazi ya nusu siku kwa mwenye mikono miwili." Aliugeuza mkono wake wa kulia, ukagoma katikati. "Mimi ninao mmoja na nusu."

"Kaka anayo miwili."

"Hesabu hiyo sijakuuliza," alisema baba. Lakini duara hakulifuta.

"Nimwambie?"

"Mdomo ni wako."

Bi Kimya alikaa kwenye ngazi ya gereji na simu. Aliandika, akafuta. Aliandika tena. Mwishowe akapiga picha ya sakafu, ikionyesha karai na duara la chaki, akaandika chini yake: *Kaka, nimemwambia baba kuhusu zulia. Alikuwa anajua. Sakafu imekauka na mahali pa karai amechora mwenyewe. Njoo na gari hivyohivyo linavyovuja, usilipitishe kwa fundi mwingine.*

Akatuma kabla hajaogopa.

Alama mbili zikatokea, zikageuka rangi. Amesoma. Bi Kimya alisubiri. Jua lilihama kutoka ngazi ya kwanza hadi ya pili, simu ikabaki kimya kama yeye alivyokuwa zamani. Akaiweka chini, akaenda kufungua geti, mbawa zote mbili, akaziegemezea mawe zisijifunge.

"Amejibu?" baba aliuliza kutoka ndani.

"Bado."

Baba akarudi kwenye duara la chaki. Alilitazama karai, akafumba jicho moja, kisha kwa ncha ya kiatu akalisogeza kushoto, upana wa kidole.