Chupi Isiyoonyesha Doa

Tangu bosi alipomwagiza abuni chupi ya kuficha madoa, fundi cherehani hakuacha kusonya. Watu wazima wamekosa maji na sabuni? Hata hivyo alichagua kitambaa cha kahawia chenye maua meusi, akashona moja ya majaribio, akamkabidhi.

Wiki iliyofuata bosi aliirudisha, inanukia marashi hadi pua inawasha, mshono umefumuka kiunoni. Fundi aliurudia chapchap, kisha akakata uzi kwa meno kama kawaida yake.

"Umeona doa lolote?" bosi akauliza.

"Hata moja."

Bosi akaruka kwa furaha. "Basi tumefaulu! Nimeivaa wiki nzima bila kuifua, na tumbo lilikuwa linaniendesha!"

Fundi alibaki mdomo wazi, kipande cha uzi kimemganda ulimini.