Seli Zilizokataa Kutambaa

Juu kidonda kilikuwa kikavu. Hapakuwa na usaha wala harufu, na kigaga kilikuwa kimekaza kama ganda la mhogo. Lakini Mwamvita alipokibinya pembeni kilinyanyuka, na chini yake nyama ilikuwa ingali mbichi, kingo zake zimesimama palepale zilipokuwa tangu mama yake mkubwa, Bi Pili, alipojikata mguu kwa jembe.

"Unapaka nini, Mama?"

"Dawa yenu," Bi Pili akasema. "Hiyo aliyoileta Anselmi. Kwani si wewe uliyemtuma?"

Mwamvita akakichukua kikopo kilichokuwa dirishani. Fungakidonda. Akakigeuza, na alipoona picha zilizobandikwa ubavuni, akaketi.

Mwamvita alikuwa mwalimu wa chuo kikuu kule Morogoro mjini, na kwa miaka mingi yeye na Anselmi, kijana wa Turiani aliyesoma naye, waligawana hadubini moja. Walichunguza jinsi ngozi inavyojifunga. Walichukua ngozi ya viluwiluwi kutoka vijito vya Kinole, wakaiotesha kwenye visahani, kisha wakaikwaruza mstari katikati. Seli za ukingoni hazikukaa kungoja, zilianza kutambaa. Ndani ya kila seli mna nyuzi nyembamba mno, ndizo kiunzi chake. Zinapojijenga upande wa mbele, seli hutoa kitu kama ulimi. Ulimi hushika sakafu, nyuzi nyingine hukaza, na mkia huvutwa. Hivyo hivyo, zote kwa pamoja, hadi mstari unapotea. Anselmi aliweza kushinda asubuhi nzima akizitazama, chai yake ikapoa.

Kila walipopanda Kinole walilala kwa Bi Pili. Mwenyewe hakujaliwa mtoto wa kiume, na Anselmi hakukawia kumwita Mama. Bi Pili alikuwa akimwekea ndizi mbivu kwenye majivu zisiguswe na mtu, na sokoni alimtembeza akimtambulisha kuwa ni mwanawe.

Ikaja ruksa, biashara ikafunguliwa. Maduka ya mjini yakajaa mali, maabara ya chuo ikakosa hata spiriti, na kampuni moja mpya ikaleta marhamu yake ya kupaka vidonda ipimwe. Mwamvita akaipima. Kisahani chenye maji ya chumvi kilijifunga vizuri. Chenye marhamu hakikujifunga. Nyuzi zilikuwa zimesambaratika na seli zimejikunja viduara, zi hai lakini haziendi popote. Dawa ile ilikausha juu tu, basi. Alipiga picha za visahani vyote viwili, akampa Anselmi azipeleke kwa kampuni pamoja na onyo. Muda si mrefu Anselmi akaacha chuo. Alisema amepata kazi ya kusambaza bidhaa. Bidhaa za nani, hakusema.

Sasa picha zile zilikuwa mkononi mwake. Mkwaruzo ulio wazi uliandikwa "bila Fungakidonda." Uliojifunga uliandikwa "kwa Fungakidonda." Chini yake jina lake kamili, na cheo chake.

"Alikuja na gari la kampuni," Bi Pili alisema. "Watu walisita kununua. Nikawaambia, huyu mwanangu, na jina hili la binti yetu. Ndipo wakanunua."

Mwamvita alimweleza yote. Bi Pili alisikiliza akiutazama mguu wake.

Mwamvita alimkuta Anselmi mjini, katika ofisi yenye feni mpya. Alinyanyuka kumkaribisha, Mwamvita akaweka kikopo mezani.

"Umezigeuza picha zangu."

Anselmi akakisogeza kikopo kando. "Walitaka picha nzuri, dada. Ile nyingine ingemtisha mteja."

"Ile nzuri ni ya maji ya chumvi."

"Nani anajua?"

"Wewe unajua. Ulikuwa umekaa kando yangu."

"Nilikaa kando yako nimevaa viatu vya kuazima," Anselmi akasema taratibu. "Chuo kingenifikisha wapi? Siku hizi kila mtu anauza alichonacho."

"Hukuwa na kitu. Umeuza cha kwangu. Na mguu wa Mama haufungi."

"Mama yupi?"

"Tunaye mmoja wa kugawana."

Anselmi akajishika paji la uso. Akaanza kusema kuhusu daktari anayemfahamu, gari la kumleta Bi Pili hospitali. Mwamvita alitoka huku mwenzake bado anaongea.

Siku ya soko Bi Pili alikataa kubaki nyumbani. Alijikongoja, Mwamvita kando yake, hadi katikati ya mafungu ya iliki na mananasi, akaketi juu ya gunia, akafungua bandeji mbele za watu.

"Mimi ndiye niliyewaambia mnunue," alisema. "Tazameni."

Muuza duka mmoja akamgeukia Mwamvita. "Jina lililo kwenye kikopo si lako?"

"Ni langu."

"Na picha?"

"Nilizipiga mimi. Maneno si yangu."

"Basi mmegombana wenyewe huko mjini," yule akasema, "sasa mnatuletea sisi."

Wengine walicheka. Wengine walikwenda kimya kuvitupa vikopo vyao. Muuza duka alivificha vyake chini ya meza, akaendelea kumuuzia aliyeomba. Mwamvita aliandika malalamiko kila alikoweza, akajibiwa kwa adabu kwamba suala lake linashughulikiwa.

Kidonda kikaoshwa kwa maji ya chumvi na kufungwa kwa kitambaa safi. Ukingo ukaanza kusogea, ngozi changa ya waridi, polepole mno kwa mwili wa mtu mzima.

"Angeniomba shamba ningempa," Bi Pili alisema jioni moja, kana kwamba mazungumzo hayajawahi kukatika. "Yeye kachukua mdomo wangu, akaenda kuuza nao."

Masika yalipokwisha Anselmi alipanda Kinole kwa miguu, bila gari, na furushi la sukari na kanga mkononi. Mwamvita alikuwa jikoni. Alimsikia akipiga hodi, kisha akisema, kwa sauti ileile ya zamani, "Shikamoo, Mama."

Bi Pili alikuwa uani akichambua karafuu. Hata walevi wa njiani alikuwa akiwaitikia. Mwamvita alisimama, mwiko mkononi, akingoja kusikia marahaba. Alichosikia ni vikonyo vikidondoka kwenye ungo, na Anselmi akirudia salamu yake, mara hii kwa sauti ya chini.