Hatua za Kwenye Beseni

Tangu daktari amwambie karani kwamba mwili wake unakijua kiti kuliko unavyoijua njia, nyumba haikupumua. Karani alinunua saa ya kuhesabu hatua, akaivaa mkono wa kushoto, akatangaza mezani: elfu kumi kila siku, liwe jua, iwe mvua. Mama yake, bibi wa watoto, aliyekuwa akiishi nao, aliendelea kumenya viazi. Huyu, alijisemea, alichelewa kutembea utotoni. Leo analipa kiporo.

Wiki tatu bibi aliona vituko. Mtu mzima mwenye watoto wawili anazunguka meza kama kuku anayetafuta pa kutagia. Akitumwa chumvi anapita njia ndefu. Chumvi inafika mboga imeshaliwa. Kitoto kichanga kinalia, hakibebi, maana saa ile ilihesabu mkono unapobembea.

"Kwa hiyo ukimbeba mwanao, hukutembea?" bibi alimuuliza.

"Nimetembea, mama, ila haziingii."

"Haziingii wapi?"

"Kwenye saa."

"Ahaa. Miguu imekuwa shahidi wa uongo."

Hayo bibi aliyavumilia. Lililomshinda lilikuwa la mjukuu wake mkubwa, msichana wa darasa la kwanza. Mama wa mtoto, muuguzi, alitoka alfajiri, hivyo baba ndiye aliyempeleka shule, na njiani kulikuwa na barabara kubwa. Asubuhi moja mtoto akagoma. Alikaa kizingitini, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

"Siendi na baba."

"Kulikoni, mke mwenzangu?"

"Hanishiki mkono barabarani. Jana pikipiki imenipitia hapa." Akagusa paja.

Bibi akamgeukia mwanawe. Karani akaanza kuhangaika na zipu ya mkoba.

"Mkono wa kushoto huwa na saa, mama. Lazima ubembee."

"Na wa kulia?"

"Nashika simu. Natazama zimefika ngapi."

"Maskini! Mungu angejua, angekuongezea wa tatu wa kushikia mtoto."

Siku hiyo bibi alimpeleka mjukuu mwenyewe, kichanga mgongoni, polepole, magoti yakimnung'unikia. Karani alitoka mbio kwa aibu hata akaisahau saa karibu na beseni, alipoivua akinawa uso. Bibi aliporudi akaikuta. Isije ikatumbukia na kupotelea kwenye povu, akaivaa, akaketi kigodani, akafua: shuka, nepi, mashati ya karani yenye kola ngumu kama shingo ya mwenyewe, na sare ya jana ya mjukuu.

Jioni karani aliingia kichwa chini kama aliyetoka mazikoni.

"Nimetembea kutoka kazini mpaka hapa, mama. Bure kabisa! Sikuwa na saa."

"Pole, baba. Kesho miguu itarudia." Akaivua, akampa.

Karani akaitazama, macho yakamtoka. "Elfu kumi na moja na mia nne! Ulikwenda wapi?"

"Kigodani."

"Kigodani?"

"Nilifua. Sikunyanyua hata kisigino. Naona imenipa na kinyota."

Mjukuu akacheka mpaka akashika tumbo. Karani hakucheka. Alitoka uani kutafuta hewa, na huko kambani akakutana na sketi ya shule. Kuanzia pindo kwenda juu palikuwa na alama nyeusi ya tairi, iliyokataa kutoka. Akaishika, akasimama nayo.

"Nimeisugua mara nne," bibi alisema mlangoni. "Hiyo peke yake ni hatua elfu mbili."



Asubuhi alisimama kizingitini, akanyoosha mkono wa kushoto. Mtoto aliukagua kwanza, juu na chini, kama mlinzi wa getini. Ulikuwa mtupu. Akaushika.

"Na simu?" bibi akauliza.

Karani akaitia mfukoni.

"Haya, nendeni. Saa niachie hapo kwenye beseni. Nguo za leo ni chache, lakini nitajitahidi nikufikishie walau elfu tano."