Ufunguo wa Karakana

Kila Mama Fremu alipotia ufunguo kwenye kufuli la karakana, mkojo ulimshika ghafla, kama mkono uliombana chini ya kitovu. Hata kama ametoka msalani sasa hivi. Alikimbilia choo cha jirani, muuza rangi, na mara nyingine hakuwahi.

Karakana ilikuwa ya marehemu mumewe, fundi fremu. Ukutani zilining'inia picha ambazo wenyewe hawakuja kuzichukua, nyuso zote zikitazama mlango. Enzi za uhai wake marehemu hakutaka mtu aguse kikata kioo chake. Sasa alikishika mkewe, naye aliijua maana ya kubanwa kule: anafukuzwa.

"Leo nampa muuza rangi ufunguo, aichukue karakana," alimwambia wifi yake jikoni. "Marehemu hanitaki mle."

"Kaka yangu? Yule aliyeshindwa kumfukuza hata paka mezani?"

Mama Fremu hakucheka. Wifi akafungua bomba aoshe vikombe. Maji yalipoanza tu kuchuruzika, Mama Fremu alichomoka, kiti kikaanguka.

Aliporudi, bomba lilikuwa limefungwa.

"Na hapa nani kakufukuza, wifi?"

Mama Fremu aliinama, akakiinua kiti.

"Ukishika ufunguo wa nyumbani je?"

"Hivyo hivyo."

"Na usiku?"

"Naamka, nalala, naamka tena. Nilidhani ananiita."

Wifi akamburura hadi zahanati. Mkojo ulipimwa, haukuwa na maambukizi wala sukari. Daktari alieleza kwamba kibofu chake kinajikaza kabla hakijajaa, na kimezoea kushtushwa na ufunguo na mlio wa maji. Asikimbie. Asimame, abane misuli ya chini, haja itulie, ndipo aende.

"Kaka wa watu tumemsingizia," wifi alisema njiani.

Mama Fremu alitembea mzito kuliko alivyokwenda. Kumbe hakuwa mumewe. Hata usiku, hakuwa yeye.

Muuza rangi alikuwa akimngoja mlangoni pa karakana. "Shemeji, lete basi huo ufunguo."

"Subiri."

Akautia kwenye kufuli. Mkono ule ukambana. Alisimama, akabana, akavuta pumzi, nao ukamwachia taratibu, kidole kimoja kimoja, kama wa mtu anayeaga.

"Rudi kwenye rangi zako, shemeji. Nina vioo vya kukata."

Aliingia, akasimama mbele ya zile picha.

"Hodi," alisema kwa sauti ya chini, ingawa alikuwa ameshaingia. Akangoja kuitikiwa.