Jua la Sabato

Hakuna mshiriki aliyekosa kanisani siku ile. Hata Mzee Cephas, ambaye mguu humuuma kila kunapoitwa kazi ya kufyeka uwanja, alifika mapema akakaa mbele kabisa. Ilikuwa mwaka wa kwanza baada ya uhuru, na watu walikuwa wamejifunza kupiga kura. Tena dhambi ya mwenzako ni tamu kusikiliza.

Dhambi ya Phelesia ilikuwa hii: Sabato iliyopita, kabla jua halijazama, shemasi Elkanah alimkuta ufuoni akijaza kikapuni omena, wale dagaa wa ziwani, wa kupeleka soko la Homa Bay. Kazi, siku ya Bwana, mchana kweupe.

Leonida alikaa mstari wa tatu, jasho likimtiririka mgongoni. Alijua habari yote, maana kikapu cha pili kilikuwa chake. Wingu zito lilikuwa limefunika jua juu ya milima ya Gembe, ufuo ukaingia giza, nao wawili wakaimba wimbo wa kufunga Sabato kama inavyopasa, kisha wakashika kazi. Punde wingu likapasuka, jua likatokea tena, lingali juu ya mlima. Wakati huo Leonida alikuwa nyuma ya mitumbwi akitafuta kamba. Shemasi alimwona Phelesia tu.

"Nilidhani limezama," Phelesia alisema sasa, amesimama peke yake mbele ya watu.

"Mbona sisi wengine hatukudhani?" Elkanah akauliza.

Leonida angesema neno moja tu. Lakini zilibaki wiki mbili afunge ndoa humu humu na Japheth, na aliyefutwa ushirika hafungi ndoa kanisani. Mama yake Japheth alikuwa benchi la nyuma yake, karibu hata pumzi yake ilimfika shingoni.

Mzee wa kanisa, Nicanor, akasema wanaokubali Phelesia aondolewe wainue mikono.

Kwanza hakuinua mtu. Walitazamana. Kisha Elkanah akainua, na mkewe, na Cephas. Mama Marcella, ambaye asubuhi alinong'ona kwamba wingu lile lilimdanganya hata yeye akawasha moto wa kupikia, alitazama kushoto, akatazama kulia, akainua wake. Basi mikono ikapanda mstari kwa mstari. Wengi wape, walisema wahenga. Hawakusema wengi hao huanza na wangapi.

"Nyathina, mwanangu, mkono unakuuma?" mama yake Japheth akamnong'oneza kwa nyuma.

Leonida akainua.

Karani alipokwisha kuhesabu, Nicanor akamgeukia mshtakiwa. "Phelesia, kulikuwa na mwingine nawe siku ile?"

Phelesia alitazama ile mikono, ambayo bado ilikuwa juu, mmoja baada ya mwingine, hadi akafika kwenye wa Leonida. Macho yake yakatua hapo kidogo.

"Hapana, Jaduong', mzee wangu. Nilikuwa peke yangu."

Leonida akashusha pumzi. Alifurahi, na furaha yenyewe ikamtisha kuliko woga aliokuja nao. Phelesia akachukua kitambaa chake, akaelekea mlangoni. Nafasi kati ya mabenchi ilikuwa nyembamba, na Leonida akavuta miguu ndani ili apite.